Mwanafunzi wa Kujazia Nafasi

Kichomeo kilikuwa kimeshawaka. Hilo ndilo lililotangulia. Muhonja alifungua maabara yake ya mtandaoni baada ya chakula cha mchana, kabla mwanafunzi yeyote hajaingia, akakuta kwenye meza ya mwisho, meza ya kuchorwa tu, moto wa samawati unacheza peke yake. Akabonyeza, ukazima. Akasema ni mtandao, maana pale Lurambi mvua ikikaribia mtandao nao hupandwa na wazimu, akaenda kujitilia chai.

Muhonja hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Alikuwa mwalimu wa kemia, mjamzito wa kutembea ameshika kiuno, na majirani walikuwa wamemsema hadi wakachoka: mwalimu gani huyu anayefundisha sebuleni amejifunga leso, akigombana na ukuta? Kumbe upande wa pili wa ule ukuta walikuwa watoto wa Lumakanda na Mautuma, ambao maabara za shule zao zina mlango na kufuli tu, ndani hamna hata njiti ya kiberiti. Kwenye kioo cha kompyuta walipata kila kitu: chupa, mizani, asidi isiyounguza, moto usiochoma. Mtoto anasogeza kidole, chumvi inamwagika, maji yanageuka rangi.

Taabu ilikuwa moja. Maabara ile ilitaka wanafunzi wawili kila meza. Ukiwa peke yako, meza haifunguki. Na Mitchel wa Mautuma, msichana mwerevu mwenye mdomo wake, aliyepangiwa ile meza ya mwisho, hakuwa na mwenzake. Muhonja alikuwa amemtengenezea mwanafunzi wa uongo, wa kujazia nafasi. Mashine ikataka jina. Angeweza kuandika lolote. Angeandika hata Sufuria, nani angemuuliza? Akaandika Wangila.

Wangila alikuwa mdogo wake wa kumfuata. Mashoto, mcheshi, mpenda sayansi kupita kiasi, aliyefia katika shamba la miwa lililochomwa kabla ya kukatwa, akiwa bado mtoto wa shule. Na kwao jina la marehemu haliwekwi mahali patupu. Linapewa mtoto: akizaliwa akilia, mama mzee wa ukoo anaita majina ya waliotangulia, na lile litakalomnyamazisha ndilo lake. Wangila hakuwa ameitwa tangu azikwe. Muhonja aliyajua hayo yote. Alikuwa tu amemkumbuka ndugu yake.

"Madam," Mitchel akamwambia baada ya vipindi kadhaa, "huyu Wangila anajuanga sana. Mbona haonyeshangi uso?"

"Hakuna Wangila, Mitchel. Hiyo ni mashine."

"Mashine gani inanitusi? Ati nina mkono mzito kama wa mpika chang'aa." Msichana akacheka. "Halafu anafanyanga kila kitu na kushoto."

Muhonja hakucheka. Alitazama meza ya mwisho, akaona kile kichupa cha kuchorwa kikiinuliwa taratibu, kikainamishwa upande wa kushoto, kikawekwa.

Siku ya somo la kuchoma sukari, mvua ilishuka saa tisa kama kawaida yake, ikapiga mabati hata sauti za wanafunzi zikamezwa, wakatoka mmoja mmoja, akabaki Mitchel na yule mwenzake. Hapo ndipo harufu ilipokuja. Muhonja alidhani kuna kitu ameacha jikoni, akaenda, jiko limelala baridi. Akarudi, na kila alivyoisogelea kompyuta ndivyo harufu ilivyozidi, harufu tamu na chungu kwa pamoja, ya majani ya miwa yanayoungua, ya maji ya muwa yakichemka ndani ya ganda, na chini yake harufu nyingine, ile aliyoinusa mara moja tu maishani, siku walipomrudisha Wangila nyumbani amefunikwa blanketi.

"Madam," Mitchel alikuwa akinong'ona sasa, uso umeikaribia kamera. "Angalia vidole vyangu."

Vilikuwa vimetoka malengelenge.

"Ulishika nini?"

"Huo moto. Wa kwa simu." Machozi yalikuwa yanamlenga. "Ameniomba tubadilishane majina. Nikamwambia sawa. Nilidhani ni mchezo, madam."

Muhonja alimfuta yule mwanafunzi wa uongo. Kufumba na kufumbua, akarudi. Akamfuta tena, akarudi, na kichomeo kikiwaka.

Akamwita senje yake Namalwa, dada ya baba, mama wa kanisa siku za Jumapili na mambo mengine siku zilizobaki. Akamsimulia jina, harufu, vidole. La kubadilishana majina hakulisema. Lilimtoka akilini, ama aliona aibu, mkasa umetokea kwenye somo lake.

"Wewe na digrii yako!" Namalwa akamrukia. "Umeita mtu, hujampa mwili. Ulitaka akae wapi, kwa hewa? Sasa anatafuta kwa mtoto wa wenyewe." Akamshika tumbo. "Mpe huyu. Kama hutaki, yule msichana wa Mautuma ataisha hivi unaona."

Muhonja alilia, kisha akaketi mbele ya ile kompyuta, tumbo limegusa meza. Mitchel alikuwa upande wa pili, ameinama. "Wangila," Muhonja akasema, "jina lako liko hapa. Mwache mtoto wa watu."

Moto ukazima. Jina likafutika lenyewe. Mitchel akainua uso, akatabasamu, akapunga mkono, na harufu ikaondoka nyumbani kama mtu aliyeitwa nje.

Mtoto akazaliwa wa kike, mzima, mwenye mapafu ya kulia. Namalwa akampakata sebuleni, akamwambia kwa upole, "Karibu, Wangila." Mtoto akalia. "Wangila," akarudia. Mtoto akazidi kulia, akakataa ziwa, akawa wa zambarau. Namalwa akaita majina ya bibi, ya babu, ya mashangazi waliosahaulika, akayamaliza yote aliyoyajua, jasho likamtoka. Alikuwa hajawahi kushindwa.

Ndipo Muhonja akakumbuka yale majina yaliyobadilishwa. "Mitchel," akanong'ona.

Mtoto akanyamaza. Akageuza shingo, akamtazama, kama mwanafunzi aliyeitwa darasani.

"Huyo ni nani wetu?" Namalwa akauliza. "Amekufa lini?"

Muhonja alikuwa ameshapiga simu Mautuma.

"Mwalimu!" Mama yake Mitchel aliitika kwa furaha. "Mtoto yuko sawa kabisa, anakula kama mkata miwa! Ila siku hizi ameamua kuandika na kushoto, vituko tu. Ngoja nikupatie."

Simu ikabadilisha mkono. Upande wa pili kukawa na pumzi, kisha sauti ya msichana ikamwita kwa jina ambalo mtu mmoja tu, tangu utoto wao, aliwahi kumwita.

"Honja," ikasema. "Nimewasha."

Na harufu ya miwa ikaanza kuingia.