Sungura wa Wifi

Kila asubuhi Mwanaima aliosha vizimba vya sungura wake kabla hajanywa chai. Alikwangua, alimwaga maji, alifuta kwa kitambaa. Akimaliza, ndani hapakubaki kitu ila sungura, bakuli la pumba na kopo la maji. Kila sungura alikuwa na kizimba chake, kidogo, kisafi. Majirani wa mtaa wa Mabawa, Tanga, walimwita Mama Sungura, na yeye alilipenda jina lile, tena sana.

Ilikuwa miaka ya shida. Sukari ilikuwa ya foleni, sabuni ya kubahatisha. Kiwanda alichofanya kazi mumewe, Yakoub, kilikuwa kimesimama kwa kukosa vipuri. Nyumba nzima ilitegemea sungura. Kila Alhamisi alikuja Benedikta na baiskeli yake, akawanunua. Benedikta alikuwa mtunza wanyama katika maabara moja nje ya mji, mahali wanapochunguza magonjwa ya mifugo. Alichukua sungura wenye afya tu.

Kisha akaja Hasina. Hasina alikuwa mdogo wake Yakoub. Mumewe alifariki kijijini kwao Kigombe, na alipomaliza eda alirudi kukaa kwa kaka yake. Yakoub akampa majike wawili na mbao za kujengea kizimba. Haukupita mwaka, Hasina akawa na sungura tisa.

Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa Mwanaima ikawa mgeni njoo, mwenyeji akome. Zamani alijing'oa manyoya sungura mmoja mmoja tu; sasa walianza wengi. Huyu mgongo wazi, yule ubavu wazi. Mmoja alitafuna waya kutwa. Mwingine alizunguka mle ndani, akazunguka, hata ukimtazama unaona kizunguzungu wewe. Wale wa Hasina, hatua tano tu kutoka hapo, walilala wawili wawili, wamenenepa.

"Hebu waone wa Hasina," Yakoub alisema siku moja. "Manyoya kama pamba."

"Nimewaona," Mwanaima alijibu. "Nina macho."

Roho ilimuuma. Angalau wifi angekuwa msafi! Kizimba cha Hasina ukikiona utadhani jaa. Mlikuwa na mtungi uliovunjika, umelazwa ubavu. Mlikuwa na matawi ya mpera, makumbi ya nazi, na kipande cha ubao kilichoinuliwa juu. Nyasi hakuziweka chini. Alizifunga fungu, akazining'iniza. Sungura walisimama kwa miguu ya nyuma kuzivuta.

"Shikamoo wifi," Hasina alisalimu kila alipopita.

"Marahaba. Takataka hizo utazitoa lini?"

"Wanazipenda, wifi."

"Nani kakwambia?"

"Nimewatazama tu."

Nimewatazama tu! Neno lile Mwanaima alilala nalo, akaamka nalo. Alijiambia: basi ndiyo hivyo, huyu anawatazama na wangu pia. Ana kijicho. Sungura wangu wamepigwa jicho.

Akachukua magunia, akavifunika vizimba vyake pande zote, Hasina asione kitu. Akafukiza ubani humo humo. Sungura wakakaa gizani na moshi, wakipiga chafya. Wiki ile waling'oa manyoya kuliko mwanzo.

Alhamisi Benedikta alifunua gunia, akatazama, akalirudisha. Alichukua sungura watatu wa Hasina. Wa Mwanaima hakuchukua hata mmoja.

"Samahani, dada," alisema. "Nikikuta hivi tena wiki mbili zijazo, itabidi nitafute nyumba nyingine ya kununua."

Jirani mmoja alikuwa ukutani anasikiliza. Jioni ile alimwita Hasina kwa sauti: "Mama Sungura mdogo!" Hasina alicheka. Mwanaima alikuwa anasonga ugali. Aliusonga mpaka mwiko ukavunjika.

Kesho yake Hasina alikwenda Kigombe kumwuguza mama mkwe wake. "Wifi, nakuachia wanangu," alisema. "Wape maji na majani, nitarudi Alhamisi ijayo."

"Nenda salama," Mwanaima alisema.

Hasina hajafika hata stendi, Mwanaima alishaingia kizimbani. Alitoa mtungi, matawi, makumbi, ubao, vyote. Akavirundika nyuma ya choo. Sungura akawatenganisha, kila mmoja na sanduku lake la waya. "Nasafisha tu," alijiambia. Lakini uongo wa kujidanganya mwenyewe hauna ladha, na alijua.

Siku ya kwanza sungura wa Hasina walikaa tu. Siku ya tatu jike mmoja alianza kutafuna waya: kr, kr, kr. Siku ya tano Mwanaima aliona fungu la manyoya meupe sakafuni. Siku ya sita, mwingine alikuwa anazunguka.

Mwanaima alisimama pale na ndoo mkononi. Nani kawapiga jicho hawa? Hasina yuko Kigombe. Kizimbani hakuingia mtu ila yeye mwenyewe. Akaigeuza ndoo, akaketi juu yake.

Kesho yake, Alhamisi, Benedikta alimkuta uani, amekaa juu ya ndoo ile ile. Mwanaima hakuficha. Alimweleza yote, tangu magunia hadi mtungi.

Benedikta alimtoa sungura mmoja, akampekua manyoya kwa vidole. "Hana upele, hana wadudu," alisema. "Ana mimba?"

"Hana."

"Angekuwa na mimba nisingeshangaa. Jike akikaribia kuzaa hujing'oa manyoya atandike kiota. Huyu hana mimba wala ugonjwa. Dada, sungura wa porini hufanya nini kutwa?"

"Anakula. Anakimbia."

"Anachimba, anajificha, anatafuna magome, anakaa na wenzake. Humu ndani anafanya nini?"

Mwanaima alitazama bakuli la pumba. "Anangoja chakula."

"Basi. Tumbo limeshiba, akili ina njaa. Akikosa kazi atajitafutia: atatafuna waya, mwisho atajitafuna mwenyewe. Usafi wako ni mzuri, usiuache. Lakini safi si lazima pawe patupu."

"Na kijicho?"

"Mambo ya jicho siyajui. Ninalojua, giza na moshi vinamtesa. Yatoe hayo magunia. Mpe mahali pa kujificha na pa kurukia. Nyasi zifunge, azivute kwa kazi. Kila siku chache badilisha kitu, asichoke. Majike waliokua pamoja wakae pamoja. Madume watenge, wataumizana."

Hapo mlango wa uani ulilia. Hasina aliingia na kikapu chake. Aliangalia kizimba kitupu, akaangalia manyoya sakafuni, akamwangalia wifi yake.

"Ni mimi," Mwanaima alisema. "Wivu, Hasina. Ulikuwa unanila." Alionyesha kizimba kitupu. "Nilitaka wako wawe kama wangu."

Hasina aliweka kikapu chini. Aliinama, akaokota manyoya.

"Unajua kwa nini niliweka vitu mle?" alisema mwishowe. "Nilipokaa eda, miezi minne na siku kumi, kazi yangu ilikuwa kutazama ukuta. Chakula naletewa, maji naletewa. Siku moja nikajikuta nimeufumua mkeka niliokalia. Nimeung'oa wote, na sikujua kama naung'oa. Ndipo ukaja wewe kutoka Tanga na miyaa ya kusukia mikeka, ukaniambia, suka ukili, wifi, mikono isilale. Wewe ndiye uliyeniponya. Nilipowaona sungura wako wanatafuna waya, nikasema hawa nao wapo edani."

Mwanaima alikuwa ameyasahau kabisa. Alilia bila kujifunika uso.

"Nimekasirika, usidhani sijakasirika," Hasina alisema. "Inuka tukautafute mtungi wangu."

Siku ile ile walitoa magunia. Yakoub alibomoa kuta za katikati, vizimba viwili vikawa kimoja kikubwa. Mwanaima alisuka ukili wa miyaa isiyotiwa rangi, akaufanya kifuko, akakijaza nyasi. Sungura walikisukuma, wakakirarua, wakala nyasi, wakalala. Yule wa kuzunguka alizunguka siku nyingi bado, kisha akapunguza. Baada ya miezi miwili migongo ilikuwa imefunikwa na manyoya.

Benedikta alipokuja, aliwapekua wawili wa Mwanaima. "Hawa nawachukua."

Zamani Mwanaima angemtazama Hasina kwa pembe ya jicho. Sasa aliuliza jambo ambalo miaka yote mitatu ya kumwuzia sungura hakuwahi kuuliza.

"Huko kwenu wanakaa vipi?"

Benedikta alifunga kamba ya baiskeli polepole. "Vizimba vyetu vilikuwa vitupu kama vyako. Nimeshabadilisha chumba kimoja. Bado viwili."

Mwanaima aliingia ndani, akatoka na vifuko sita vya ukili. Alimpa vyote.

"Wakuu wangu wataniuliza ni kazi ya nani," Benedikta alisema. "Niseme Mama Sungura?"

Jina lile lilimjia mdomoni, tamu kama zamani. Alilimeza.

"Sema ni ya Hasina na wifi yake."