Wimbo Usiokaliwa na Mtu

Jumamosi, magharibi ikikaribia, nilikwenda Buyenzi, mtaa wa mafundi, kutafuta redio ya gari. Redio ya kaseti, nasisitiza. Wenzangu wanaunganisha simu na spika, mimi natembea na katoni tatu za kaseti kama mganga na vibuyu vyake. Nimeishi Brussels miaka tisa, Nairobi minne, Montréal miwili ya kutetemeka, na nilichorudi nacho Bujumbura ni kitambi na katoni hizo. Nyumba alibaki nayo mke wangu wa zamani. Nadhani aliyechagua vizuri ni yeye.

Ndani ya katoni mna roki ya zamani, ya bendi kubwa kubwa, wale ambao hata bibi yako anajua nyimbo zao mbili. Hizo mbili mimi sina. Mimi ni mtu wa nyimbo walizozisukumia mwisho wa upande B, zile ambazo wakizipiga jukwaani watu huenda kununua bia. Nikiulizwa kwa nini, nilikuwa najibu kwa majivuno kwamba wimbo wa kila mtu ni kama kitana cha kinyozi, kimepita kila kichwa.

Jina la wimbo ninaotaka kuwasimulia silitaji. Mtautafuta, nawajua.

Fundi Tajudini ana kibanda karibu na msikiti, tumefahamiana tangu nywele zetu zikiwepo. Nilimkuta amekunja mikono ya shati, tayari kwenda kutawadha, akanung'unika kwamba mimi huja saa mbaya kila mara. Lakini ni mtu mwema. Alivuta redio moja chini ya rundo la vipuri ambavyo marehemu baba yake alinunua bila kuuliza vilikotoka, akaishikiza kwenye betri kwa nyaya mbili. Kaseti ilikuwa imekwama ndani. Alisema imekuwa hivyo miaka na miaka, na redio yenyewe haijawahi kuwaka.

Ikawaka.

Wimbo ulianzia katikati. Gitaa moja, ngoma inayosikika kama iko chumba cha pili. Niliutambua papo hapo, nikacheka kwa furaha kama mjinga.

Kisha nikaacha kucheka.

Maana katika mji huu mzima mwenye wimbo ule ni mimi tu. Mimi, na mtu niliyemrekodia.

Niliwasha taa ya simu, nikachungulia kwenye tundu la kaseti. Wino wa buluu. Herufi F yenye mkia mrefu, ninayoiandika hivyo hadi leo.

*Kwa Fortunat.*

Fortunat ni mdogo wangu. Mwaka tisini na sita, wakati wa ile crise, vita vyetu vya wenyewe kwa wenyewe, alipanda gari la rafiki yake kwenda Rumonge, na kaseti yake. Hawakufika. Hakuna aliyeona gari, hakuna aliyeona watu. Mama yetu, Consolate, sasa ana miaka themanini na minne, na hajawahi kumlilia. Huwezi kuanua matanga ambayo hayakuwekwa, na utayawekaje kwa mtu ambaye labda yuko Kigoma anauza samaki? Watu wamemshauri, mapadri wamemshauri. Anataka jambo moja tu kabla hajafumba macho: kuambiwa kama mwanawe amekufa au hakufa.

Wimbo uliisha. Ukabaki mkwaruzo wa mkanda, shhh... shhh...

Halafu ikaja harufu. Mawese mabichi, yale yanayonuka njia nzima ya Rumonge. Pale, katikati ya grisi na mafuta ya breki.

Halafu pumzi ya mtu.

"Honoré... uko peke yako?"

Sauti ya kijana wa miaka ishirini na miwili.

Kidole changu cha mwisho, mkono wa kushoto, kikafa. Hakikuuma. Kiliacha tu kuwa changu.

Tajudini alichomoa waya. Hakuuliza ni nani. Aliuliza swali la ajabu, kwamba wimbo huu husikilizwa na watu wangapi. Nikamjibu kwamba katika nchi hii, mmoja, na alikuwa anamtazama.

"Ndiyo maana," akanong'ona. "Nyumba yenye watu wanaingia na kutoka, hakuna kitu inaweza kaa mule. Lakini nyumba yenye haina mutu... Na iko ngapi mule ndani, nyimbo za hivi?"

"Kumi na mbili."

"Zote hakuna mutu anazijua?"

"Zote."

"Basi ulimujengea mudogo wako nyumba kumi na mbili, zote tupu." Alifuta mikono polepole. "Ungemupatia wimbo wa kila mutu, Honoré."

Fortunat aliuomba, wimbo wa kila mtu. Ule mmoja, ambao wasichana walikuwa wanaucheza. Nilimwambia habari ya kitana cha kinyozi. Alicheka, akachukua kaseti hivyo hivyo, kwa kuniheshimu.

Adhana ilianza. Tajudini alisema niiache pale, baada ya swala atamwonyesha shehe. Ningemsikiliza, nisingekuwa nawaandikia haya. Nilimngoja hadi alipomaliza kuswali, nikamwomba aifunge ndani ya gari langu. Nilikuwa namfikiria Mama na swali lake. Sikuhisi woga wala huzuni. Niliona hilo kama ushujaa.

Kesho yake, jua likizama, nilimketisha Mama kwenye kiti cha mbele, gari likiwa limesimama uani kwetu Kibenga. Alikuja na kitenge chake mabegani na rozari mkononi. Muziki wangu hajawahi kuupenda, husema ni wanaume wanaopigwa ndani ya tangi. Wimbo ulipita. Ukabaki mkwaruzo. Ikaja harufu ya mawese.

"Honoré... uko na nani?"

Mama hakupiga kelele. Aliweka rozari juu ya mapaja.

"Niko hapa, Fortunat. Mi nakuuliza neno moja. Ulikufa?"

Shhh... shhh...

"Bado, mama. Muko munanisikiliza."

Kisha wimbo ukaanza upya, na hakuna aliyerudisha mkanda.

Mimi huelewa mambo polepole. Mama alielewa pale pale, nilimwona mabega yakishuka. Jibu alilolingoja karibu miaka thelathini lilikuwa limerudishwa mikononi mwake: atakufa siku tutakayoacha kumsikiliza. Aliniambia tukae kidogo.

Tulikaa siku nne. Kila magharibi, milango imefungwa, vioo vimepandishwa. Fortunat hakusema jambo kubwa. Aliuliza kama mvua imenyesha. Aliuliza kama tumekula. Na kila wimbo ulipoisha, kitu chetu kimoja kilikuwa kimekwenda: mkono wangu hadi kiwiko, kisha mdomo wa chini. Mama, vidole vyote kumi.

Siku ya nne chai ilimmwagikia vidoleni na mapajani, chai ya moto, mvuke unapanda. Aliitazama kama imemwagikia mtu mwingine. Niliona ngozi inabadilika rangi, nikangoja nishtuke.

Nikangoja...

Nikachukua kitambaa, nikafuta kiti.

Siku ya tano alikuwa mgumu kuingia garini, miguu haikumtii. Wimbo ukapita mara ya kwanza. Ningependa kuwaambia kwamba niliuchukia. Hapana. Ni wimbo mzuri, na hilo ndilo baya lake. Ilipofika ubeti wa pili masikio yangu yalijaa pamba, likaanza la kulia, likafuata la kushoto. Nikabaki natazama midomo ya Mama. Mtoto hujua kusoma midomo ya mamake.

Ilisema: Mutoto huyu anachoka, Honoré.

Aliinama karibu na redio. Aliongea muda mrefu, akiwa amenipa mgongo, na maneno hayo sitayajua kamwe. Kisha akanyoosha kidole gumba chekundu kwa kuungua, akabonyeza. Akabonyeza tena. Taa ya redio ile haikuwahi kuwaka hata ikiwa inapiga, kwa hiyo macho hayakutusaidia. Akanigeukia.

"Imezimika? Kidole hakisikii, na masikio yangu pia."

Alinitazama machoni, kisha midomoni. Alitaka neno moja tu, kutoka kwa mwanawe aliyebaki.

Mikono yangu, sasa yote miwili imekufa, haikuweza kutafuta waya. Masikio yangu hayakuwa na kitu.

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Imezimika."

Hapo ndipo alipolia. Nilimwona akilia, mdomo wazi, kwa nguvu zote za mwili mdogo ule, na mimi nikiwa nimeketi pembeni kama anayetazama televisheni iliyokatwa sauti.

Asubuhi Tajudini alikuja, akatoa betri, akaapa kwa Mungu kwamba hakuna kitu kinachopiga mle. Aliapa akiwa amesimama kwenye barabara. Sikio langu la kulia lilikuwa limeanza kurudi, nikamsikia vizuri. Nilimsogelea nimshukuru, akaficha mikono mifukoni.

Tuliweka matanga. Turubai, viti vya kukodi, majirani, jamaa kutoka Rumonge. Gari lisilo na betri lilibaki pale pale katikati ya ua, ikabidi kila mgeni apite kando yake. Mama aliketi mkekani akipokea pole, uso wake mwepesi kuliko nilivyowahi kuuona. Alikuwa amepata alichokitaka. Karibu miaka thelathini, na sasa alikuwa na maiti, hata kama ni ya maneno.

Baadaye akanivuta shati, akanielekeza kwa kidevu. Watu walikuwa wanaingia, mmoja mmoja. Na kila mmoja, akishalipita gari, alikuwa anajikung'uta vidole kana kwamba vimekufa ganzi.

Akaniuliza wana nini.

Nikamwambia ni baridi. Ilikuwa saa nane mchana, jua la mwezi wa tisa.