Konekta za Mahari Yangu

Niligonga mlango kwa ngumi zote mbili. Esekon alikuwa hapo nje tu, anafunga mkoba kwenye pikipiki.

Akageuka. Akaniona kupitia kidirisha cha kioo cha mlangoni.

Halafu akanipungia mkono... akapiga pikipiki teke, akaenda zake.

Wapendwa, huyo ni mchumba wangu. Mwanaume ambaye baba yangu kule Lorugum alikuwa ashapokea ngamia wake. Ameniacha ndani ya kontena la chuma, Kakuma, jua la saa saba, na feni bado haijafungwa.

Ejok, hamjambo nyinyi wote. Mimi ni Atabo, fundi wa umeme. Wengi mmesikia ya barabarani, sasa sikieni ya mwenyewe.

Kontena ni la akina mama wa samaki. Esekon alipewa kazi ya kuweka sola, mimi nikawa fundi wake. Nusu moja ni friji. Nusu nyingine ni betri na swichi kubwa, na katikati kuna wavu wa chuma wenye kufuli. Ufunguo uko mfukoni mwa Esekon.

Mlango wa nje unashikwa na sumaku ya umeme. Umeme ukiwepo, haufunguki. Ukitaka kutoka unabonyeza swichi ya kijani hapo ndani, sumaku inaachia.

Nilibonyeza. Hakuna kitu.

Nikabonyeza tena, nikaipiga na kiganja... wapi!

Hapo ndio moyo ukaniambia, Atabo, huyu amekufungia.

Na sababu alikuwa nayo. Asubuhi tulikosana vibaya. Toka mwanzo nilimwambia konekta, hivi vitu vya kuunganishia nyaya, unavichagua kwa mzigo vitakaobeba. Umeme wa hapo ndio unaendesha mashine ya posho, ile ya kusaga unga wa soko zima. Ikiwaka inavuta umeme mwingi. Joto letu mnalijua, na vumbi pia. Mimi nilitaka zile zenye shaba nzito na springi ya kubana, waya usilegee hata ukipata moto. Nilikuwa nimeziona duka moja Lodwar.

Esekon akarudi na mfuko wa zile nyeupe nyepesi, ambazo skrubu yake ukiikaza inazunguka bure. Nikavuta waya na vidole viwili mbele ya macho yake. Ukatoka.

Akacheka. Akasema zote si zinashika waya, na pesa alizobakisha hapo ndizo zimenunua ngamia wa baba yangu.

"Tutazibadilisha baada ya harusi, Atabo."

Asubuhi ile tuliyokosana ndiyo siku tuliyokuwa tunakabidhi kazi. Nikamwambia nitasimama kwenye mkutano, mbele ya wote, niseme kazi haijaisha. Akanigeuzia mgongo, akaanza kukusanya vyombo. Nikaingia kupangusa friji, mlango ukajifunga nyuma yangu.

Sasa mngekuwa mimi, mngefikiria nini?

Simu yangu ilikuwa kwenye mkoba, na mkoba ushaenda na pikipiki. Nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Watu wote walikuwa mkutanoni, nasikia wakiimba kwa mbali, wimbo wa kushukuru.

Swichi kubwa naiona ng'ambo ya wavu. Matundu yanapitisha vidole tu. Nilisukuma mkono mpaka ngozi ikachubuka, sikuifikia.

Kuta zikawa hazigusiki. Jasho likatoka, likatoka, halafu likaacha kutoka. Sisi wa Turkana tunajua jasho likikauka mwilini na jua bado liko, mambo yameharibika.

Nililia, siwadanganyi. Kufa niliogopa, lakini kilichoniuma zaidi ni ule mkono alionipungia. Yule mtu nilimpenda jamani.

Ndipo kwa mbali nikasikia mashine ya posho inanguruma. Wameiwasha waonyeshe wageni.

Nikaangalia ng'ambo ya wavu. Boksi la nyaya lilikuwa bado halijafunikwa. Konekta moja nyeupe ikaanza kuwa njano... ikawa kahawia... ikaanza kutoa moshi.

Nilisali sala mbili zinazopingana. Mungu, ishike, isiniunguze humu ndani. Mungu, ikatike, mlango uniachie.

Ikakatika.

Friji zikanyamaza. Mashine kule ikafa. Na mlango, wenyewe tu, ukaachia.

Nilianguka kwenye mchanga. Agot, mama Mdinka mwenye friji ya kwanza, alikuwa ametoka mkutanoni kuangalia samaki wake. Alinimwagia maji ya beseni lake yote. Nilinuka samaki, na sikujali.

Esekon akafika mbio kutoka mkutanoni, akafungua wavu, akazima moto kwa mchanga. Alipotoka nje akanikuta hapo chini.

"Mbona hukubonyeza swichi?"

"Nilibonyeza."

Akachukua bisibisi, akafungua ile swichi ya kijani. Waya ulikuwa unaning'inia. Umechomoka kwenye konekta, nyeupe, kutoka mfuko ule ule.

Akakaa chini. Kumbe alidhani nagonga kwa hasira za asubuhi, kwamba nikipoa nitatoka mwenyewe.

"Haki ya Mungu, Atabo, sikukufungia."

Nilimwangalia, nikamwamini. Hapo ndipo iliniuma kabisa.

"Najua," nikamwambia. "Ulinunua tu kitu cha kunifungia."

Konekta za springi alizileta mwenyewe kutoka Lodwar. Nilizifunga zote, mlango ukiwa umeegemezwa jiwe, na Agot amekaa juu ya hilo jiwe.

Baba aliniuliza kama Esekon alinipiga. Nikasema hapana. Akauliza, sasa kosa lake ni lipi? Nikamwekea mkononi ile konekta iliyoyeyuka, nikamweleza ngamia wake walitoka wapi. Aliigeuzageuza kwa muda mrefu. Kesho yake ngamia wakarudishwa.

Esekon si mtu mbaya, msimtukane huko kwa koments. Lakini wewe dada unayeambiwa tutarekebisha baada ya harusi, nisikilize. Bonyeza swichi mlango ukiwa bado wazi.