Tufaha Lenye Majani ya Mchungwa

Kila Jumamosi Kidoti alimsaidia shangazi yake kuuza matufaha sokoni. Aliyatoa kwenye kreti, akayafuta moja moja kwa kitambaa mpaka yakang'aa. Yalikuwa ya msimu uliopita, yamekaa miezi kadhaa kwenye ghala la baridi, na sasa yalikuwa yameanza kulainika. Yasipouzwa siku hiyo, shangazi angeyamwaga na hasara ingekuwa yake peke yake.

Kwenye meza ya jirani aliuza binti wa mkulima. Matufaha yake yalichumwa alfajiri: madogo, yana vumbi na madoa, majani bado yako kwenye vikonyo. Kidoti alimbandika jina la Mapele, na jina likaganda.

"We Mapele, na hayo matufaha mmezaliwa tumbo moja?" aliuliza kwa sauti, wateja wasikie. "Yaogeshe basi!"

Wateja wakacheka. Binti yule akainama, machozi yakimlengalenga. Kidoti, roho kwatu!

Shangazi alipokwenda kuleta kreti nyingine, akatokea mpishi wa shule ya chekechea, aliyekuwa akitafuta matufaha mengi kwa mara moja. Kidoti alimwona kwa mbali. Haraka akachuma majani kwenye mti uliokuwa nyuma ya meza, akayachomeka kwenye vikonyo.

"Haya ni ya lini, mwanangu?" mpishi aliuliza.

"Ya leo, mama! Umande haujakauka!"

Mpishi akachomoa jani, akalifikicha, akalinusa. Akakata tufaha. Ndani lilikuwa laini, linavunjika kama kiazi kilichoiva.

"Jamani, njooni muone maajabu!" akapaza sauti. "Tufaha limeota majani ya mchungwa!"

Soko zima likaangua kicheko. Mapele alicheka kuliko wote, mbavu kazishika.

"Hujambo, Majani?" akasema. Na jina hilo nalo likaganda.

Shangazi alirudi mbio, akaomba radhi.

"Kinachoniuma, dada, nilikuja kutafuta haya haya ya ghalani," mpishi akamjibu. "Yaliyotoka mtini leo ni magumu tena makali, na watoto wangu wadogo mno. Haya yamelainika, utamu umezidi, nikiyaponda hayataki hata sukari. Ningebeba yote! Lakini kwa uongo huu, nitajuaje mengine hayajaoza?" Akaenda zake.

Shangazi akampandisha Kidoti juu ya kreti tupu. "Tangaza."

"Matufaha ya ghalani," Kidoti alinong'ona. "Laini, ya kupika."

"Paza! Ulipomtukana mwenzako sauti ulikuwa nayo."

Alitangaza huku akilia mpaka sauti ikakauka. Wateja wakaja mmoja mmoja, na kufikia jioni kreti zote zilikuwa tupu.

"Umeona?" shangazi akasema. "Matufaha yangu hayakuwa na kosa, wala ya mwenzako. Kila moja lina kazi yake, ukisema kweli. Mwenye kosa ni wewe. Nenda kamwombe radhi."

"Na wakiendelea kuniita Majani?"

"Utaitika. Mwenzako si ameitika Mapele msimu mzima?"