Ulimwengu wa Jirani na Duara la Masizi

Kila asubuhi, kengele ya kwanza ikilia, sisi wa bweni la juu tulishuka mabombani na ndoo zetu, tukapanga foleni, tukasukumana, tukaoga kwa kelele nyingi kuliko maji. Kisha tulifagia, tukanywa chai bwaloni, tukaenda kusoma ubao wa matangazo.

Ubao huo ulikuwa chini ya ulinzi wangu. Nilikuwa kidato cha tatu, katibu wa klabu ya sayansi, na kila Jumatatu nilibandika karatasi ya "Habari za Sayansi". Kwa kuwa nilizungumza kama mtu anayefungua mkutano wa hadhara, wenzangu waliniita Mheshimiwa. Sikuwahi kulikataa jina hilo.

Wiki moja mwalimu wa sayansi alikuja darasani na beseni la maji ya sabuni. Akapuliza kwa mrija mpaka mapovu yakajaa.

"Wapo wataalamu wanaodhani ulimwengu wetu ni kama povu moja kati ya mengi," alisema. "Kama ni hivyo, huenda mapovu mawili yaliwahi kugongana. Tazameni hapa yanapogusana. Mnaona umbo gani?"

"Duara!"

"Basi wakatafuta alama ya duara kwenye nuru kongwe kuliko zote inayotufikia kutoka angani."

"Wakaiona, mwalimu?" niliuliza.

"Bado," akasema, akajifuta mikono.

Hiyo "bado" haikunipendeza hata kidogo. Habari gani ya kubandika ubaoni hiyo, kwamba watu wametafuta kitu wakakikosa? Nikaamua, kwa moyo wa kujitolea, kuwasaidia wataalamu.

Ukuta wa nje wa bwalo ulikuwa umepakwa chokaa majuzi, mweupe pe. Jikoni kulikuwa na sufuria kubwa iliyosubiri kuoshwa, kitako chake cheusi kwa masizi ya kuni. Nilimweka mlangoni rafiki yangu Mwangwi, aliyeitwa hivyo kwa kurudia mwisho wa kila usemalo.

"Chunga asije mtu," nilimwambia.

"Asije mtu," akaitikia.

Nilikibandika kitako ukutani, nikakizungusha. Likabaki duara jeusi la kupendeza. Kisha nikaandika tangazo langu: "TAHADHARI. Ulimwengu wa jirani utagongana na wetu Ijumaa saa kumi alasiri. Alama ya kwanza imeonekana ukutani pa bwalo. Kila mmoja wetu ana pacha wake huko. Asalimiwe kwa adabu."

Wakubwa walicheka. Kidato cha kwanza, waliokuwa na wiki tatu tu shuleni, hawakucheka. Walikuja kitandani kwangu mmoja mmoja, nami nikawapokea nimejifunga shuka mabegani kama jaji.

"Dada Mheshimiwa, pacha wangu naye ana kidonda gotini?"

"Swali zuri. Chake kiko goti la pili."

Wa mwisho alikuwa Kifutio, mtoto mdogo aliyefuta majibu yake mpaka karatasi ikatoboka.

"Na mtu ambaye huku hayupo," aliuliza, "kule anaweza kuwepo?"

"Bila shaka. Kule wapo wote."

"Asante, dada," akasema, akaenda zake. Nilijiona nimejibu kitaalamu kabisa.

Ijumaa saa tisa ilikuwa zamu yangu ya kupokea wageni getini. Akaingia mama mmoja amevaa gauni la zambarau lililopigwa pasi vizuri, na shingoni bado ananing'iniza utepe wa kupimia nguo. Alikuwa fundi cherehani, na alikuwa ametoka kazini mbio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo hapa kuna sherehe gani? Binti yangu ameniandikia barua, nimeisoma mara tatu, sielewi. Hebu nisomee wewe, labda nyie wanafunzi mnaelewana."

Nikaisoma kwa sauti yangu ya mikutano: "Mama, usije Jumapili. Njoo Ijumaa kabla ya saa kumi. Vaa gauni la zambarau ili baba akujue haraka. Kuna dada mmoja anajua sana sayansi. Amesema ulimwengu mwingine utagongana na wetu, na kule wapo wote. Huenda kule baba hakupanda lile lori."

Nilipofika kwenye lori sauti ya mikutano ilikuwa imenitoka. Masikio yaliniwaka moto. Nilitamani ardhi inimeze, na gauni lile la zambarau lilikuwa mbele yangu, sina pa kuelekeza macho.

Na uongo ulikuwa tayari mdomoni, umechongwa vizuri: "Ni mchezo wa kuigiza, mama, mwanao amechanganya." Ungepita. Mimi na uongo tulikuwa tukielewana sana.

"Dada anayetajwa hapo," nilisema, "ni mimi. Nilitunga yote. Duara nililichora kwa sufuria."

Hakunigombeza. Aliikunja barua kwa kufuata mikunjo yake ya mwanzo, taratibu.

"Basi nenda ukamwambie mwenyewe," alisema. "Mimi nilishamwambia mara moja kwamba baba yake harudi. Mara ya pili siwezi."

Kifutio alikuwa ameshakaa chini ya duara, viatu vinang'aa, nywele kachana. Wenzake wa kidato cha kwanza walimzunguka. Mwalimu wa sayansi, aliyekuwa akipita na madaftari, alimwona mgeni akasimama.

"Mama! Umewahi!" Kifutio aliruka. "Bado saa moja!"

"Kifutio," nilisema, "haji mtu. Hakuna kinachogongana. Nilidanganya ili nicheke."

Wadogo wale walijitenga nami hatua moja. Afadhali wangenizomea.

"Na mimi nilichunga mlango," ikasikika nyuma sauti ya Mwangwi. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema neno lake mwenyewe.

Kifutio alipitisha kidole juu ya duara, akakitazama. "Masizi," alisema. Kisha akaenda kuuficha uso wake kwenye gauni la zambarau, na mabega yakaanza kutikisika. Mama yake alimfunika kwa mikono yote miwili. Mimi nilisimama pale kama kigingi, mikono haina kazi.

Mwalimu aliweka madaftari chini.

"Wale waliotafuta duara angani," aliniambia bila kupaza sauti, "walifanya kazi miaka. Wangeliona, dunia nzima ingewajua. Hawakuliona, wakasema hatujaliona. Wewe ulishindwa kusubiri hata wiki moja, ukalichora. Mtu akikuuliza jambo kwa moyo wake wote, jibu lako anaondoka nalo, analala nalo, analijengea nyumba. Kama hujui, sema sijui. Neno hilo halimvunjii mtu heshima."

Nilimwomba mama yule radhi, nikamwomba Kifutio radhi. Karatasi yangu ilibanduliwa ubaoni, na ukatibu ukaenda nayo. Adhabu ilikuwa kupaka ukuta upya, mimi na Mwangwi.

Nani angejua kwamba masizi hayashindwi na chokaa? Tulipaka mara moja, duara likachungulia. Tukapaka mara ya pili, likachungulia tena. Jumapili tulipokuwa tukianza mara ya tatu, Kifutio alikuja akasimama nyuma yetu.

"Dada," aliuliza, "lakini kweli upo? Ulimwengu mwingine, ambako baba yupo?"

Brashi ilinidondoshea chokaa kiatuni. Majibu mazuri mazuri yalinijia, na kila moja lingemfurahisha.

"Sijui," nilisema. "Hakuna anayejua bado."

Alinitazama muda mrefu, kama anayekagua jibu kabla ya kuamua kulifuta. Kisha akanyoosha mkono.

"Nipe brashi," alisema. "Hapo pembeni umeparuka."