Taa ya Kilabuni na Mtaro wa Bibi Monika

Asubuhi Stefania hukoroga uji wa ulezi huku akigombana na kuku. Kuku wanaingia jikoni, yeye anawafukuza kwa mwiko, wao wanarudi. Mumewe Wilibrodi ananoa jembe. Mtoto wao Elia anatafuta kiatu kimoja, kila siku kiatu kimoja. Na Bibi Monika, mama yake Wilibrodi, anaita kutoka chumbani kwake: "Uji huo ni wa leo au wa kesho?"

Hao ni majirani zangu hapa mtaa wa Bondeni, pembezoni mwa mji wa Sumbawanga. Nawapenda, na ninawasikia vizuri, maana ukuta wa uani ni mmoja.

Chumba hicho cha Bibi Monika kilijengwa na marehemu mumewe. Alifyatua matofali yeye mwenyewe, akayakausha kwa jua tu. Bibi alizaa watoto wake wote humo. Husema waziwazi, "Nitatolewa humu siku ya kwenda makaburini, si kabla."

Lakini nyumba iko chini, kwenye mteremko. Zamani huko juu kulikuwa na mashamba, na udongo ulikunywa maji ya mvua. Siku hizi huko juu ni nyumba tu. Kila bati linamwaga maji, na maji yote yanashuka kwetu. Mwezi wa tatu ilinyesha mvua ya kutwa nzima. Bibi alikuwa jikoni anaota moto. Tukasikia kishindo. Ukuta wa chumba chake ulikuwa umelala juu ya kitanda.

Loo, tulikimbia sote! Tukamkuta Bibi amesimama kwenye matope, mkono kifuani, anaangalia kitanda chake. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia.

Watu walikuja kutoa pole. Kila mmoja alisema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Bibi akachoka. "Ufa niliuziba," akamjibu mmoja. "Niliuziba mara mbili. Yazibeni basi hayo maji!"

Alihamia sebuleni, akalala kwenye godoro pamoja na mjukuu wake Elia. Usiku alikohoa. Asubuhi alisema neno moja tu: "Sitaki kufia sebuleni."

Neno hilo lilimchoma Wilibrodi. Akafanya alichoweza, na alichoweza kilikuwa kibaya. Alijaza viroba vya udongo, akavipanga mbele ya nyumba yake kuzuia maji. Maji yakazuilika kweli. Yakageuka, yakaingia kwa jirani yake Polikarp, yakabomoa kihenge chake. Ulezi wa mwaka mzima ukaelea uani.

"Umeyatuma kwangu!" Polikarp alifoka. "Makusudi!"

"Nimlinde mama yangu au nilinde ulezi wako?" Wilibrodi naye akajibu.

Tangu siku hiyo wanaume hao wakaacha kusalimiana. Hata kanisani, mmoja alikaa kulia na mwingine kushoto. Watu waliosaidiana mavuno tangu ujana wao!

Mwezi wa nne, Wilibrodi alimkamata jogoo wake mkubwa. Akaondoka alfajiri kwenda nyumbani kwa diwani wa kata yetu, Mheshimiwa Justa. Aliwaza kwamba mkubwa haendewi mikono mitupu.

Diwani alitoka nje na kanga yake begani, akamwona mtu, akamwona na jogoo.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Mama yangu hana pa kulala. Manispaa itujengee mtaro."

"Marahaba, baba. Pole sana kwa mama. Lakini jogoo huyo rudi naye."

"Ni zawadi tu."

"Najua. Ila hela za manispaa sizichoti mfukoni mwangu. Zinapangwa na baraza zima la madiwani, na bajeti ya mwaka unaokuja tumeshaipitisha. Mtaro wa Bondeni haumo. Haukuletwa. Nenda ofisi ya mtaa, wakueleze unaletwaje."

Wilibrodi alirudi na jogoo wake, na hasira juu. Stefania akamwambia, "Baba Elia, hasira haitengenezi ukuta. Twende wote."

Mtendaji wa mtaa wetu ni dada mmoja anaitwa Masalu. Ni Msukuma wa Shinyanga. Tunamtania kila siku kwamba amekuja huku kwetu Ufipa bila hata ng'ombe mmoja. Yeye hutujibu kwamba ng'ombe wake waliogopa baridi. Siku hiyo hakutania. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali.

"Baba Elia, mwezi wa kumi na moja mwaka jana mlikuwa wapi?"

"Shambani, kule njia ya Laela. Mvua za kwanza zile. Nani anakaa mjini?"

"Na majirani zako?"

"Wote shambani."

"Hapo ndipo penye shida," akasema Masalu. "Kila mwaka, mwezi huo, tunafanya mkutano wa mtaa wa kuchagua tunataka nini. Tunachokichagua kinakwenda kwenye kamati ya maendeleo ya kata. Kata inapeleka manispaa. Wataalamu wanapima na kupiga hesabu. Kamati za madiwani zinachambua. Mwishoni baraza linapitisha. Mwaka jana mkutano ulivunjika kwa kukosa watu. Mwaka juzi walikuja wachache sana. Mnajua walitoka wapi?"

Stefania alianza kuelewa. "Usiniambie…"

"Kilabuni kwa Mama Angela. Kilabu kiko jirani na ofisi, wakavuka tu. Wakaomba taa ya barabarani. Kila mmoja alinyosha mkono."

Mh! Kumbe ndiyo ile taa! Mtaa mzima tulikuwa tunashangaa. Barabara ya shule ina giza, ya zahanati ina giza, lakini mlangoni pa kilabu cha pombe kuna taa inayong'aa mpaka unaweza kuokota sindano. Tulisema manispaa wana lao jambo. Kumbe wenye jambo ni sisi. Asiyekuwepo na lake halipo.

"Kwa hiyo wanywaji wana akili kuliko sisi," Wilibrodi akanung'unika.

"Walikuwepo tu," Masalu akasema. "Niambie, ulezi unapandwa lini?"

"Desemba hivi."

"Mtu akija na mbegu mwezi wa tano?"

"Tutamcheka."

"Basi wewe umekuja na mbegu mwezi wa nne. Manispaa nayo ina msimu wake. Novemba ndiyo kupanda. Ukipitwa, unasubiri mvua nyingine."

Stefania akauliza, "Na Bibi asubiri pia?"

"Ndiyo, asubiri," Masalu akakiri. Alisema pole. Kisha akaahidi kumleta mtaalamu apime mteremko mapema, ili Novemba watu wajue wanaomba kitu gani.

Mhandisi alikuja kiangazi. Alitembea juu na chini, akapiga kamba, akafuta jasho. Akasema maji yana njia moja tu ya kufika mtoni: ukingo wa kiwanja cha Polikarp, pale penye uzio wa michongoma.

Stefania akamtazama mumewe. Mumewe akatazama viatu vyake.

Novemba ikafika. Mkutano ulitangazwa uwe Jumamosi. Na mvua nayo, utadhani inasikia matangazo, ikaanza Ijumaa. Mji mzima ukanukia udongo. Kila nyumba watu wakafunga majembe, mbegu na sufuria. Stefania akapita mlango kwa mlango, kanga imelowa.

"Siku moja tu, jamani! Kesho mkutano, keshokutwa misa, Jumatatu shambani!"

Wengine walikubali. Wengine walisema shamba halisubiri. Na kutoka kilabuni zikaja habari mbaya: wenzetu wale walitaka taa ya pili, ya kuwamulikia njia ya kurudi nyumbani.

Jumamosi asubuhi Polikarp na wanawe wakubwa na wake zao walikuwa wanapakia mizigo kwenye trela la trekta. Wilibrodi aliwaona kupitia dirishani. Bibi Monika alikuwa nyuma yake, amekaa kwenye godoro lake la sebuleni.

"Mwanangu," akasema, "unangoja nini?"

"Hatanisikiliza, mama."

"Ulezi wake ulielea, na hukumpa hata pole. Angekusikilizaje?"

Wilibrodi akatoka. Alivuka uani, akasimama mbele ya trekta. Dereva akazima injini. Sisi majirani tulitoka nje tukijifanya tunafagia.

"Polikarp," akasema. "Yale maji niliyageuza mimi. Nilijua yatakwenda kwako. Nikasema liwalo na liwe. Nimekosa, ndugu yangu. Nisamehe."

Polikarp aliendelea kukaza kamba ya mizigo juu ya trela. Alikuwa anang'ata midomo.

"Watoto wangu walikula ugali wa kuazima mpaka mavuno," akasema hatimaye.

"Najua."

"Na leo unataka nini? Maana hujaja kwa ajili ya pole tu."

"Nataka ushuke uje mkutanoni. Na mtaro ukipita, utapita kwako. Michongoma itang'olewa. Ukikataa sitakulaumu."

Hapo Bibi Monika alikuwa ameshafika mlangoni, ameshikilia nguzo. Polikarp alimwona. Bibi huyu alimbeba mgongoni alipokuwa mtoto, mama yake alipolazwa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Poli."

Polikarp akashuka. Akawaambia wanawe, "Teremkeni. Ulezi hauwezi kuota leo hii."

Mkutano ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya mawe. Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Fabiani, alisoma maombi mawili: taa ya pili na mtaro. Mzee mmoja wa kilabuni akaitetea taa kwa hotuba tamu, tukacheka na kumpigia makofi. Kisha Polikarp akasimama. "Mtaro upite kwangu. Natoa ukingo wote wa kiwanja, mbele yenu." Akakaa. Mikono ikanyoshwa. Mtaro ukashinda, na nilimwona hata Mama Angela mwenye kilabu ameunyoshea mkono.

Lakini hela za manispaa zilikuwa bado mbali. Kwa hiyo Jumatatu, badala ya kwenda shamba wote, nusu yetu tulibaki tukafanya msaragambo, kazi ya pamoja ya mtaa. Tuling'oa michongoma, ikatuchoma kweli. Tukachimba mfereji wa udongo kufuata alama za mhandisi. Ulivumilia mvua za mwaka ule kwa shida. Ulibomoka, tukauzibua, ukabomoka tena. Bibi alilala sebuleni msimu mwingine mzima, maana hakuna aliyethubutu kujenga ukuta kabla ya mtaro.

Mwezi wa pili, Masalu alimwambia Stefania kwamba baraza la madiwani linakaa kupitisha bajeti. "Mikutano ya baraza ni ya wazi. Mwananchi anaruhusiwa kukaa na kusikiliza. Kusema huruhusiwi, ila kusikia ni haki yako."

Stefania akavaa kitenge chake cha Pasaka, akaenda. Alinisimulia jioni ile. Alisema alikaa benchi la nyuma, akatazama majoho ya madiwani. Alisema kila kata ilikuwa na kilio chake: hii madarasa, ile choo cha soko, nyingine daraja. Alikuwa amekwenda akidhani sisi peke yetu ndio tuliosahaulika. Alipowasikia wengine, aliwaonea huruma madiwani, jambo ambalo hakulitegemea.

Ilipofika zamu yetu, mtaalamu alisema fedha hazitoshi kwa mtaro wote. Stefania alishika benchi. Mheshimiwa Justa akasimama. "Wananchi wa Bondeni wametoa ardhi bila kudai fidia. Wameshachimba kwa mikono yao, na wako tayari kusomba mawe. Tunaomba saruji, fundi na kalavati la kupitishia maji chini ya barabara." Wakajadili, mwingine akapinga, mwingine akaunga mkono. Mwishoni Meya akauliza wanaoafiki. "Ndiyooo!" ukumbi ukaitika.

"Na wewe?" nikamuuliza Stefania.

"Nami niliitika! Askari wa mlangoni akanikodolea macho."

Alipofika nyumbani, Bibi aliuliza, "Wamesemaje?"

"Wamepitisha, mama."

"Basi kesho wanakuja."

"Hapana, mama. Bado bajeti inakwenda mkoani, na juu zaidi. Mwaka wa fedha unaanza mwezi wa saba."

"Kumbe serikali ina mwaka wake," akasema Bibi polepole. "Na wa kwangu je, nani anauhesabu?"

Stefania aliinama akamfunika miguu.

Saruji ilikuja mwezi wa nane. Mawe tulikuwa tumeshayasomba, yamerundikana kwa Polikarp. Fundi alijenga, sisi tukachanganya zege. Wilibrodi na Polikarp walibeba machela moja ya mawe, mmoja mbele na mwingine nyuma, wakigombana nani anakwenda haraka. Mwezi wa kumi, kwa matofali ya kuchoma safari hii, wakausimamisha tena ukuta wa Bibi Monika. Bibi aliingia chumbani mwake akafunga mlango. Tulimsikia anaongea na marehemu mumewe kwa Kifipa, muda mrefu. Hatukumsumbua.

Mvua za kwanza zilianguka usiku. Asubuhi niliruka kitandani kwenda kutazama. Maji mekundu yalikuwa yanapita mtaroni kwa kasi, ndani ya kalavati, kando ya kiwanja cha Polikarp, moja kwa moja mtoni. Uani kwa Stefania kulikuwa na kuku tu.

Wilibrodi alikuwa anafunga jembe kwenye baiskeli.

"Unakwenda wapi?" sauti ikatoka chumbani.

"Shambani, mama. Mvua imefunguka."

"Na mkutano wa mtaa?"

"Ni kesho. Lakini mama, mtaro si tumeshapata?"

Bibi Monika akafungua dirisha lake jipya, akatoa kichwa.

"Barabara ya zahanati ina giza," akasema. "Weka jembe chini."