Ngozi ya Nguruwe wa Artemi

Mimi ni Hegeso. Ninatunza ufunguo wa hekalu dogo la mungu wa kike Artemi, kule juu msitu unapoanzia. Nyumba yangu na nyumba ya Filino zinatenganishwa na ukuta wa mawe tu. Kwa hiyo habari za nyumba ile hunifikia zikiwa bado moto, hata nisipotaka. Na mara nyingi nataka.

Filino ana mke, Kleito, na binti mmoja aliyekwisha kuposwa, Timareta. Mali yao kubwa ni shamba la mizabibu. Baba yake Filino ndiye aliyeipanda, akafa kabla haijazaa vizuri. Mwaka huu ilizaa mpaka matawi yakainama. Kila asubuhi walikula mkate wa shayiri na tini, kisha Kleito akakaa kufuma, na Timareta akaenda shambani kufukuza ndege. Filino alipita akizishika zabibu taratibu, kama mtu anayepapasa shavu la mtoto.

"Bado kidogo," alikuwa akisema. "Bado kidogo tu."

Asubuhi moja nilimsikia Timareta akilia. Nilitoka mbio, hata shela sikujifunga.

Safu nzima ya mizabibu ilikuwa imeng'olewa. Mashina yalilala mizizi juu. Zabibu zilikuwa zimepondwa matopeni. Filino alikuwa amechuchumaa, ameweka kiganja ndani ya alama ya kwato. Kiganja chote kilienea humo.

"Nguruwe mwitu," alisema.

"Wangapi?" niliuliza.

"Mmoja. Lakini huyu, mama Hegeso, si wa kawaida."

Kleito alikuja na nyuzi za sufu bado zimemng'ang'ania kwenye nguo. Alitazama, akakaa chini pale pale kwenye tope.

"Akirudi tena tutavuna nini?" alisema. "Tutaliacha shamba. Tutakwenda kulimia watu."

Nilimgeukia mumewe. "Filino, mwaka huu malimbuko ya mavuno uliyapeleka kwa nani?"

"Mama, sisi tuna msiba, wewe unauliza malimbuko?"

"Nijibu."

"Demeta nilimpa mganda wa kwanza wa shayiri, maana nafaka ni yake. Athena nilimpa mafuta, mzeituni ni wake. Dioniso nilimmiminia divai, zabibu ni zake. Zeu ni baba wa wote, na mvua ni yake. Naye nilimpa."

"Na Artemi?"

Alijikuna shingo. "Artemi halimi. Ni mwindaji, anashinda msituni na upinde wake. Nimpe shayiri aifanyie nini? Halafu ile njia ya kwako ni mlima mtupu."

Mwili ulinisisimka. Sisemi hivyo ili kupamba hadithi. Vinyweleo vilisimama kweli.

"Maneno hayo yamewahi kusemwa," nilimwambia. "Ng'ambo ya mlima huu, Kalidoni. Aliyeyasema alikuwa mfalme."

Timareta aliacha kulia. "Bibi, kwani Artemi anakula shayiri?"

"Hali. Miungu ina chakula chake. Sikiliza, mjukuu wangu. Miungu inapenda kama sisi, inaona wivu kama sisi, inanuna kama baba yako hapo. Tofauti ni kwamba wao hawafi. Shayiri ni salamu. Ukiingia nyumbani mwa watu ukawasalimia wote, ukamruka mmoja, atajisikiaje?"

"Vibaya."

"Basi. Na yeye ana mishale."

Tulikaa juu ya ukuta. Filino alijifanya anainua mzabibu ulioanguka, lakini masikio yake yalikuwa kwetu.

"Hapo zamani," nilimwambia Timareta, "ndugu watatu walipiga kura kugawana dunia. Zeu akapata mbingu na radi. Poseidoni akapata bahari, na akikasirika hata ardhi hutetemeka. Hadesi akapata kuzimu. Kwake tutafika sote. Miungu wengine nao wakapata sehemu zao. Artemi ni binti wa Zeu. Alipewa misitu na wanyama wa mwituni. Alipewa wanawake wanaojifungua. Na wasichana wote, mpaka waolewe."

"Mimi pia ni wake?"

"Ni wake mpaka siku ya harusi yako."

Timareta alitazama juu, kule msitu ulipo mweusi, akajisogeza karibu nami.

"Mfalme wa Kalidoni aliitwa Oineo," niliendelea. "Alitoa malimbuko kwa miungu wote, akamruka Artemi. Artemi akaleta nguruwe. Yule hakuwa mnyama, lilikuwa dude. Manyoya ya mgongoni yalisimama kama mikuki. Aling'oa mizabibu na mizeituni, akawaua watu mashambani. Ndipo mashujaa wakaitwa kutoka kila mahali."

"Mashujaa ni miungu?"

"Hapana. Wengine baba zao walikuwa miungu, wengine walikuwa watoto wa wafalme. Wana nguvu kutupita, lakini wanakufa kama sisi. Herakle alipigana na joka lenye vichwa vingi. Akikata kimoja, vinaota viwili. Perseo alimkata kichwa Medusa, mwanamke mwenye nyoka badala ya nywele. Ukimtazama usoni unageuka jiwe. Kwa hiyo Perseo alimtazama ndani ya ngao yake, kama unavyojitazama kisimani."

Timareta alifumba macho, akayafumbua.

"Kwenye ule msako wa Kalidoni alikuwepo msichana, Atalanta. Mshale wake ndio uliotoa damu ya kwanza. Meleagro, mtoto wa mfalme, akammaliza yule nguruwe. Akasema ngozi apewe Atalanta, kwa sababu alitangulia kumpiga. Wajomba zake Meleagro wakakataa. Wakamnyang'anya Atalanta ile ngozi. Meleagro akawaua."

"Aliwaua wajomba zake?" Kleito aliuliza. Sauti yake ilibadilika.

"Wote. Na mama yake alikuwa na siri. Meleagro alipozaliwa walikuja wanawake watatu, wale wanaosokota uzi wa maisha ya watu. Walionyesha ukuni uliokuwa ukiwaka jikoni. Wakasema, mtoto huyu ataishi mpaka ukuni huu uishe kuungua. Mama akaruka, akauchomoa, akauzima, akauficha sandukuni miaka yote. Siku ile walimletea maiti za ndugu zake. Akaenda sandukuni, akautoa ukuni, akautia motoni. Meleagro alianguka pale alipokuwa amesimama, akafa."

Hata Filino aliuachia mzabibu.

"Kwa hiyo kilichoiua ile familia," Kleito alisema polepole, "hakikuwa nguruwe."

"Ilikuwa ngozi yake," nilisema.

Nilijua anawaza nini. Kaka yake Kleito anaitwa Agelo. Ndiye peke yake hapa kijijini mwenye nyavu za kuwindia na mbwa wanaofaa. Yeye na Filino walikuwa hawasemeshani tangu masika kwa sababu ya mfereji wa maji. Ukimwalika mmoja karamuni, mwingine anaumwa tumbo.

Filino alipanda mlimani siku hiyo hiyo. Alibeba mkate wa shayiri na asali, akihema njia nzima. Nilifungua mlango. Aliweka sadaka yake, akainua mikono, akasema, "Bibi wa msitu, nilikuruka. Nisamehe." Upepo ulikuwa ukivuma toka asubuhi. Ulitulia. Majani yote yalitulia. Nimetunza ufunguo ule tangu nilipofiwa na mume wangu, na bado niliinamisha kichwa. Filino alishuka haraka.

Kisha Kleito mwenyewe alikwenda kwa kaka yake. Jioni akarudi naye. Agelo alikuwa amebeba nyavu begani, mbwa wanamfuata.

"Shemeji," alisema Agelo, akitazama ukuta.

"Shemeji," alisema Filino, akitazama mbwa.

"Kabla hamjatoka," Kleito alisema, "mniahidi kitu kimoja. Ngozi itakuwa ya Artemi. Hakuna atakayeigusa."

Filino alicheka. "Mnyama bado anatembea na zabibu zangu tumboni, wewe unagawa ngozi?"

"Tumkamate kwanza, dada," alisema Agelo. "Mengine baadaye."

Walikubaliana kwa hilo tu, na ahadi hawakutoa. Kleito alinitazama.

Kulipokucha kijiji kizima kilitoka. Agelo alifunga nyavu bondeni, kati ya mawe mawili makubwa. Alijua kazi yake, simnyimi sifa. Wanaume walisimama na mikuki. Sisi wanawake tulipiga sufuria za shaba ili mnyama akimbilie kwenye nyavu.

Kwanza tulisikia matawi yakivunjika. Kisha akatoka. Nimesimulia habari za yule nguruwe wa Kalidoni maisha yangu yote, na nilidhani namjua. Nilikuwa simjui. Kifua chake kilikuwa kipana kama mlango. Meno yake yalikuwa meupe, yamepinda kwenda juu. Alisimama, akatutazama na vijicho vyake, na kila sufuria ikanyamaza. Nilimwogopa, na papo hapo nilimwona mzuri. Nilitamani kupiga magoti.

Timareta ndiye aliyeanza tena kupiga sufuria yake. Mnyama aligeuka, akaingia kwenye nyavu. Mbwa mmoja alirushwa juu, akaanguka, hakuinuka tena. Agelo alimchoma mkuki wa bega. Nyavu zikakatika. Mnyama akamwendea Filino moja kwa moja. Filino alipiga goti, akashika mkuki wake kwa mikono miwili, na mnyama akajichoma mwenyewe kwa kasi yake.

Halafu watu wakacheka, wakakumbatiana. Nilimwona Kleito akiondoka haraka kwenda nyumbani. Nilifikiri anakwenda kulia faraghani.

Filino alitoa kisu. "Ngozi hii nitaitandika mlangoni kwangu," alisema. "Kila anayeingia aikanyage."

"Mlangoni kwa nani?" Agelo aliuliza. "Nyavu zangu. Mbwa wangu amelala pale, amekufa. Mkuki wa kwanza ni wangu."

"Wako ulimkuna tu. Wangu ndio uliomuua."

"Ulipiga goti kwa woga, shemeji. Nguruwe akajiua mwenyewe."

Watu walicheka. Hilo lilikuwa kosa lao. Filino alisimama na kisu mkononi. Agelo aliuchomoa mkuki wake kutoka kwenye bega la mnyama. Kila mmoja alishika upande wake wa ile ngozi, ikiwa bado mwilini mwa mnyama, na hakuna aliyekuwa akicheka tena.

"Achia," alisema Agelo.

"Achia wewe."

Nilisema jina la Artemi. Hawakunisikia. Niliona kabisa namna mambo yatakavyokwenda, kwa sababu nilikuwa nimeyasimulia mwenyewe juu ya ukuta.

Ndipo Kleito akarudi. Mkononi alikuwa na ukuni kutoka jikoni kwake, ncha yake ikiwaka. Alipita katikati ya watu, nao wakampisha. Alisimama kati ya mumewe na kaka yake, juu ya mzoga.

"Haya, semeni," alisema. Hakupaza sauti. "Huu ukuni ni wa nani?"

Wote wawili waliutazama moto.

"Filino akimuua Agelo, mimi sina ndugu. Agelo akimuua Filino, sina mume, na mwanangu hana baba. Nimebeba moto tu. Nyie niambieni uungue kwa ajili ya nani."

Ukuni uliendelea kuungua. Moto uliteremka kuelekea vidole vyake, naye hakusogeza mkono. Timareta alisema, "Mama, mkono." Kleito hakumtazama.

Agelo ndiye aliyeachia kwanza. Aliutupa mkuki, akaushika ukuni kwa kiganja chake mwenyewe, kwenye moto, ili kuuzima. Filino alidondosha kisu, akafunika mkono wa Agelo kwa mkono wake. Niliisikia ngozi ya mikono yao ikiungua. Walikaa hivyo mpaka moshi ukaisha.

"Ya Artemi," alisema Filino.

"Ya Artemi," alisema Agelo. Machozi yalimtoka, na sidhani yalikuwa ya maumivu tu.

Nyama iligawiwa kijiji kizima, na mifupa na mafuta tukawachomea miungu. Ngozi waliipandisha mlimani wao wawili, kila mmoja upande wake, wakiwa wamefungwa vitambaa viganjani. Waliitundika kwenye msonobari mbele ya hekalu. Nilisimama chini yake, upepo ukaingia ndani ya yale manyoya, nikaona kama yule nguruwe anapumua.

Safu zilizobaki za mizabibu zilizaa vizuri. Kikapu cha kwanza Filino alikipandisha kwa Artemi, akilalamika kuhusu mlima njia nzima. Mfereji wa maji waliuchimba upya pamoja. Mbwa mwingine wa Agelo alipozaa, mtoto mmoja aliletwa kwa Filino. Masika yaliyofuata Timareta aliolewa. Kabla ya harusi alipanda kwangu na wanasesere wake, akawaacha miguuni kwa Artemi, na nywele zake kidogo. Aliitazama ile ngozi muda mrefu.

"Kwaheri, Bibi," alimwambia Artemi. "Nikijifungua, njoo."

Na ule ukuni? Kleito hakuutupa. Uko ndani ya sanduku lake, chini ya nguo, mweusi upande mmoja. Filino anajua ulipo. Agelo naye anajua. Wakianza kupandishiana sauti mezani, Kleito hasemi chochote. Anainuka tu, anakwenda kusimama karibu na sanduku.